Kansa ya titi: maneno ya kwenye simu na ukweli wenyewe

Mtu akishagundulika na kansa ya titi tu, simu inaanza kujaa meseji. Usikubali kukatwa, kemo (zile dawa za kuua kansa) inaua haraka kuliko kansa yenyewe, kuna mama alikunywa majani fulani akapona kabisa. Wanaotuma wanampenda mgonjwa, hilo silikatai, ila mengine kati ya hayo yanapoteza watu ambao wangepona, ndo maana nataka tuyapitie.

Wanasema tiba mbadala na tiba saidizi ni kitu kilekile. Jamani, hapa ndo watu wengi wanapotelea. Tiba saidizi unaifanya huku unaendelea na hospitali: yoga, masaji, mazoezi, akupancha (ile ya kuchomwa visindano vyembamba), maombi, kukaa na mnasihi mkaongea, lengo ni usingizi urudi, wasiwasi upungue, kichefuchefu kishuke, na hospitali nyingi kubwa za kansa zenyewe zinatoa huduma hizo. Tiba mbadala ni pale unapotupa hospitali ukashika hiyo nyingine peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani walitoa utafiti uliolinganisha waliotumia mbadala peke yake na waliotibiwa hospitali, na kwa kansa ya titi waliochagua mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara 5 ya wale waliotibiwa kawaida. Na hao ni wagonjwa ambao kansa ilikuwa bado haijasambaa mbali, yaani muda wa kutibika walikuwa nao. Inauma sana.

Wanasema kisu au sindano ikigusa uvimbe kansa inasambaa. Naelewa hii inatoka wapi, wengi wanafika hospitali wakati ugonjwa umeshatembea, wanapasuliwa, baada ya muda hali inakuwa mbaya, basi lawama inaenda kwa kisu. Ukweli ni kwamba kile kinyama kinachochukuliwa kwenye uvimbe kikapimwe ndo kinachomwambia daktari anapambana na nini, maana kansa za titi haziko sawa. Kama ina vipokezi vya homoni, yaani homoni za mwili ndo zinaichochea ikue, mgonjwa anapewa vidonge kama tamoksifeni kwa miaka 5, wengine mpaka 10. Kama ina HER2 kwa wingi, protini inayoifanya ikue haraka, kuna trastuzumabu, dawa inayotumika tangu 1998. Bila kipimo hicho unatibiwa kwa kubahatisha. Halafu si kila mtu anatolewa titi zima! Kwa uvimbe uliowahiwa mara nyingi unatolewa uvimbe wenyewe na kipande kidogo pembeni kisha mionzi inafuata, na tafiti zilizofuatilia wanawake miaka 20, majibu yakatoka 2002, zilionyesha wanaishi sawa na waliotolewa titi lote.

Kemo je? Kwanza si kila mgonjwa anaihitaji. Pili ni kweli inachosha na nywele kwa dawa nyingi zinadondoka, sitamdanganya mtu, ila nywele kwa kawaida huota tena na dawa za kuzuia kutapika siku hizi unapewa kabla dripu haijafunguliwa, si mpaka utapike kwanza. Cha kuogopa kweli ni homa, kwa sababu kemo inashusha chembe nyeupe za damu. Nunua kipimajoto ukiweke karibu na kitanda. Kikisoma 38 usiku wa manane usimeze panadoli ulale ukisubiri kukuche, piga ile namba uliyopewa wodini au nenda hospitali muda huohuo, useme mlangoni kabisa kwamba uko kwenye kemo.

"Ni ya asili, haina madhara." Hii inanikera kuliko zote. Kuna mmea wa haiperikamu, wa maua ya njano, unauzwa kama dawa ya msongo wa mawazo, unafanya ini liivunje haraka dosetakseli, ambayo ni dawa ya kemo, inakuwa kama umechomwa dozi pungufu bila kujua. Vidonge vya soya vilivyokolezwa viache mpaka uongee na daktari, soya ya chakula cha kawaida haina shida. Na hata dawa za hospitali zinagongana, paroksetini na fluoksetini, dawa za sonona, zinadhoofisha tamoksifeni. Kwa hiyo siku ya kliniki beba kila chupa na kila kifuko unachotumia, mwagia mezani kwa daktari, usione aibu, akifoka muulize mfamasia. Habari ya kuacha sukari ili kansa ife njaa nayo haipo, mwili unatengeneza glukosi, yaani sukari ya damu, hata kutoka kwenye vyakula vingine, wanaojinyima kula wanaishia kukonda na kukosa nguvu za kumaliza matibabu.

Kuna wanaoambiwa mkono wa upande uliopasuliwa usibebe kitu maisha yote. Kumbe mkono usiotumika bega linakakamaa. Baada ya upasuaji unaanza taratibu, unasimama ukitazama ukuta unatembeza vidole kupanda juu mpaka pale panapovuta, unashuka, kesho unaongeza kidogo. Hata kwa wenye mkono uliovimba, utafiti wa 2009 ulikuta kunyanyua vyuma kwa kuongeza uzito polepole chini ya msimamizi hakukufanya mkono uvimbe zaidi. Mazoezi pia ndo kati ya vitu vinavyosaidia zaidi ule uchovu wa kansa ambao kulala hakuumalizi.

La mwisho, morfini, ile dawa kali ya maumivu, na huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Watu wakisikia hayo wanaanza kulia kama vile mgonjwa ameagwa, wakati huduma shufaa inaweza kuanza tangu ugonjwa unagundulika, sambamba na kemo na mionzi. Maumivu hayapewi tuzo kwa kuvumiliwa, mtu asiyelala wala kula kwa maumivu anachoka kutibiwa. Morfini inapangwa kwa kipimo na inaongezwa au kupunguzwa kadiri unavyoumwa, ila inafunga choo, kwa hiyo mwambie daktari aandike na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo.