Je, wajua kwa nini ukiulizwa muvi unayoipenda kuliko zote unabaki unatumbua macho?

Umeangalia muvi mamia kwa mamia, kuna siku umekesha kabisa, halafu mtu anakuuliza kitu kidogo tu, "hivi we muvi unayoipenda kuliko zote ni ipi?" na hapohapo kichwa kinakuwa cheupe kama vile hujawahi kukaa mbele ya skrini maisha yako yote. Ukijikakamua ukapata moja anakuja na swali la pili: kwa nini hiyo? Sasa hapo ndo unaanza kutoa maneno ambayo hata mwenyewe huyaamini, eti stori imepangiliwa vizuri, eti waigizaji wamevaa uhusika, eti ina mafunzo.

Kumbe mtego uko kwenye hilo la pili. Moyo huwa umeshachagua kitambo, sababu zinatafutwa baadaye ili mdomo uwe na cha kusema.

Usinibishie kwanza, hii kitu imefanyiwa majaribio. Mwaka 2005 watafiti wa Sweden, Petter Johansson, Lars Hall na wenzao, walikuwa wanamwonyesha mtu picha mbili za sura za wanawake, anachagua anayemvutia zaidi, kisha anakabidhiwa picha aliyoichagua aeleze kwa nini kaipenda. Ila mara nyingine, kwa ujanja wa mkono kama ule wa watu wa mazingaombwe, alikuwa anakabidhiwa ile ambayo HAKUICHAGUA. Wengi hawakustuka hata kidogo, na wala hawakuishia hapo, walianza kueleza kwa ufasaha kabisa kwa nini wameichagua, kuna hadi aliyesifia hereni wakati yule aliyemchagua mwanzo hakuwa na hereni zozote! Yaani mtu anatetea kitu ambacho hakukichagua na anajiamini kuliko wakili.

Mi lakini jaribio linalonigusa zaidi ni la Timothy Wilson na wenzake kule Marekani, lilitoka 1993. Wanafunzi waliwekewa picha za kubandika ukutani, nyingine michoro ya sanaa, nyingine za kuchekesha, waangalie halafu kila mtu aondoke na moja. Kundi moja liliambiwa kabla ya kuchagua liandike kwanza sababu za kupenda au kutopenda kila picha, kundi lingine halikuombwa maelezo ya picha kabisa. Wiki kadhaa zikapita, wakatafutwa, na wale waliotoa sababu ndo walikuwa hawajaridhika sana na picha zao. Kisa nini? Kichekesho ni rahisi kukielezea, unasema tu kinachekesha basi, ila mchoro mzuri unakushika mahali ambapo huna neno lake. Kwa hiyo ukilazimishwa kueleza unajikuta unahamia kwenye kile kinachoelezeka na unakiacha kile unachokipenda kweli.

Hebu lihamishie hilo kwenye muvi uone. Ndo maana mbele za watu mtu anataja muvi nzito nzito zenye tuzo, kwa sababu zile zinakuja na maelezo yake tayari, hutoi jasho. Mi mwenyewe kwa miaka kadhaa nimekuwa nataja muvi moja ya zamani isiyo na rangi, watu wanaitikia kwa heshima, na ukweli ni kwamba nimeiangalia mara moja tu na katikati nilisinzia. Nayoipenda kweli nimeshairudia mpaka naongea kabla ya stelingi hajafungua mdomo, ila nikiambiwa niitetee sina hoja hata moja. Kipenda roho hula nyama mbichi, wahenga walishamaliza.

Sasa kama sababu tunazosema sio zenyewe, nini kinachagua? Umri una mkono wake mkubwa. Watu wanakumbuka zaidi mambo ya kuanzia kama miaka 10 mpaka ishirini na kitu hivi, na watafiti wa Uholanzi walipowauliza watu kuhusu vitabu, filamu na rekodi za muziki wanazozipenda (utafiti wao ulitoka 2007) waliikuta alama ya ujana humo pia, ingawa kwenye muziki ndo ilikuwa imekolea zaidi kuliko kwenye filamu. Ule ndo wakati kila kitu ni mara ya kwanza, unapenda mara ya kwanza, unaogopa mara ya kwanza, na muvi iliyokuwepo siku hizo inaingia humohumo.

Halafu kuna kurudia. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu akikutanishwa na kitu tena na tena huwa anaanza kukipenda hata kama hakuna alichopewa. Mfano wake mzuri kwenye sinema ni It's a Wonderful Life, ilitoka 1946 na haikufanya vizuri kibiashara, ikaja 1974 hatimiliki yake haikuhuishwa, basi vituo vya televisheni vya Marekani vikaona bwerere hiyo, vikawa vinaipiga kila Krismasi bila kukoma, na leo kule ni kipenzi cha familia nzima. The Shawshank Redemption nayo iligharimu kama dola milioni 25 na ilipotoka kwenye kumbi mwaka 1994 ilikuwa hasara tupu, watu wakaja kuipenda sebuleni, kwa kanda za video na marudio yasiyoisha ya televisheni. Sisemi ni mbovu jamani, msinipige mawe, ni muvi kali, ila zipo kali nyingine ambazo hazikupata bahati ya kurudiwa hivyo na hakuna anayezitaja.

Na mwisho wa muvi nao unakula njama. Barbara Fredrickson na Daniel Kahneman mwaka 1993 waliwaonyesha watu vipande vya filamu, vya kufurahisha na vya kuchukiza, virefu na vifupi, wakaona urefu karibu haukuhesabika, watu walipima kwa pale palipokolea na pale palipoishia. Kwa hiyo muvi inaweza kukuchosha saa nzima, ikakupiga na dakika tano za mwisho, ukatoka unafuta machozi unasema sijawahi kuona kitu kama hiki.

Usidhani wataalamu wako salama. Jarida la Uingereza la Sight and Sound limekuwa likipigisha kura ya filamu bora kila baada ya miaka 10 tangu 1952, Citizen Kane ikakaa namba moja kuanzia 1962 mpaka ile kura ya 2002, 2012 ikapinduliwa na Vertigo ambayo ni ya 1958, halafu 2022 ikaja Jeanne Dielman ya Chantal Akerman ya mwaka 1975, zaidi ya saa tatu za mama anamenya viazi na kupanga nyumba (sijaimaliza, nitarudi). Filamu hazikubadilika hata fremu moja, wapiga kura ndo wamebadilika. Na hao wanaruhusiwa kutaja 10, bila hata kuzipanga, we unaambiwa utaje moja hapohapo umeshika sahani mkononi!

Ndo maana siku hizi siulizi "kwa nini" mapema. Nauliza uliiangalia lini, ulikuwa na nani, na ukiikuta katikati kwenye TV unapita au unakaa. Juzi nimemjaribu dada yangu, mtu ambaye kwenye mazungumzo hujifanya anajua filamu za Kifaransa, akajibu bila kufikiria, katuni. Nikamuuliza uliiangalia lini. Akanyamaza kidogo, akasema alikuwa na miaka 9, kavunjika mkono, na mama aliomba ruhusa kazini akakaa naye kwenye kochi siku nzima, ikiisha anairudisha mwanzo.