Je, wajua kwa nini Tabriz ilitekwa mara kwa mara bila kukalika?

Tarehe 23 Agosti 1514, katika uwanda wa Chaldiran, Sultani Selim wa Milki ya Osmani alimshinda Shah Ismail wa Uajemi, kisha akaingia Tabriz, mji mkuu wa adui yake. Hakumaliza hata mwezi mmoja humo. Majeshi ya mwanawe, Suleiman, yaliuteka mji huohuo mwaka 1534 na tena 1548, na mara zote yakauacha. Kwa nini mshindi aondoke mahali alipokwisha kushinda?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mpaka wa dola hizi mbili uliamuliwa na baruti: Waosmani walikuwa na mizinga, Waajemi wakategemea pinde na panga. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwani kule Chaldiran Waosmani waliyafunga magari yao kwa minyororo, wakapanga mizinga na wapiga bunduki, na wapandafarasi wa Kizilbashi, yaani makabila ya Kituruki yaliyompigania Shah, wakateketea mbele yao. Lakini hayo yanaeleza ushindi wa siku moja tu. Lau baruti ndiyo iliyoamua, Tabriz ingekuwa ya Waosmani tangu mwaka ule. Kosa langu la pili lilikuwa kumhesabu Shah Tahmasp, mwana wa Ismail, kuwa mwoga kwa sababu alikwepa kupigana na Suleiman ana kwa ana, ilhali alikuwa amelielewa tatizo la adui yake vizuri kuliko nilivyolielewa mimi.

Tatizo lenyewe lilikuwa chakula. Selim aliondoka Edirne, upande wa Ulaya wa milki yake, mwezi Machi, akafika Chaldiran Agosti. Mfikirie msafiri aliyejitwika gunia la unga, ambaye kila jioni hana budi kupika kutoka gunia lilelile: itafika siku ambayo unga uliobaki unatosha kumrudisha kwao tu. Jeshi lilikuwa vivyo hivyo, tena ngamia na farasi waliobeba mzigo nao walihitaji kulishwa. Ilibidi nafaka na majani vipatikane njiani, na hapo ndipo Tahmasp alipouziba mwanya, kwa kuamuru mashamba yachomwe na watu wahamishwe kabla adui hajafika. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya theluji. Hata Selim, aliyetamani kuendelea na vita, aligomewa na askari wake, akarudi Amasya, ndani ya milki yake, kupisha majira ya baridi.

Chakula hakielezi kila kitu. Tabriz iliyotekwa mwaka 1585 ilikaa mikononi mwa Waosmani hadi 1603, kwa kuwa makabila ya Kizilbashi yalikuwa yakigombana yenyewe kwa yenyewe na Wauzbeki wakiisukuma Uajemi kutoka mashariki. Baghdad nayo, ambayo ingeweza kuletewa shehena kwa mashua kupitia mto Frati, ilishikika kwa urahisi zaidi. Mkataba wa Zuhab wa 1639 uliwaachia Waosmani Baghdad, na Waajemi Tabriz.

Gharama ya mbinu ya Waajemi ya kuchoma mashamba na kuhamisha watu waliilipa raia wa mpakani. Mwaka 1604, jeshi la Osmani lilipokaribia, Shah Abbas aliwatoa kwa nguvu Waarmenia wa Julfa, mji wa wafanyabiashara wa hariri kando ya mto Aras. Wengi walikufa maji wakivushwa, na mji wao ukaharibiwa. Walionusurika walipewa makazi Isfahan, katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Julfa Mpya.