Kwa nini matajiri wa teknolojia wanaipenda sana elimu

Hili swali naulizwa sana na walimu ninaofanya nao kazi ya masomo ya kwenye tableti: hawa mabilionea wa kompyuta wanatafuta nini shuleni? Wengi wanajibu harakaharaka kwamba ni hela tu. Hela ipo, ila mi naona kinachowavuta kwanza ni hesabu yao wenyewe ya programu.

Mtu aliyewahi kutengeneza programu anajua gharama karibu yote iko kwenye kopi ya kwanza, ukishaimaliza, kumpa mtoto wa pili au wa milioni ni karibu na bure. Sasa mtu wa hivyo akiona darasa la watoto 100 na mwalimu mmoja mikono inamuwasha, maana anaona ba be bi bo bu ileile inafundishwa upya kila mwaka nchi nzima, anajiambia si niitengeneze mara moja tu basi.

Mfano mzuri tunao hapahapa Tanga. Mwaka 2014 XPRIZE, taasisi ya Marekani inayoandaa mashindano ya uvumbuzi, walitangaza shindano la dola milioni 15, na Elon Musk ni mmoja wa waliotoa hela, wakitaka programu itakayomfanya mtoto ajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu hata kama mwalimu hayupo. Majaribio yakafanyika kwenye vijiji karibu 170, watoto karibu 3,000, wengi wao hawajawahi kusoma shule, tableti zimetoka Google na masomo yapo kwa Kiswahili. Mwanzoni zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, baada ya miezi 15 hao wakapungua kwa nusu, na 2019 onebillion na Kitkit School wakagawana zawadi kuu, dola milioni 5 kila timu.

Ni matokeo makubwa kwa kweli, nayaheshimu. Lakini angalia nini kiliyabeba. Kila kijiji kiliwekewa umeme wa sola wa kuchajia, na mtu mzima wa palepale kijijini wa kuangalia tableti, afu nyuma yake kuna serikali, UNESCO na WFP, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Hivyo vyote havikopiwi, kila kijiji kipya unaanza kulipa upya. Na ile nusu iliyobaki bila kusoma neno ndo inayoninyima usingizi, maana hao wanahitaji mtu wa kukaa nao.

Kingine ni historia zao. Wengi walijifunza kompyuta wenyewe utotoni wakaamini kila mtoto ataenda vilevile. Bill Gates alianza kutumia kompyuta shuleni kwao Lakeside, Seattle, mwaka 1968 akiwa na miaka 13, ila hela ya kuilipia ilitafutwa na umoja wa kina mama wa shule, waliuza vitu vya mitumba! Kina mama hao huwa hawatajwi sana.

Kuna pia wanaotaka wafanyakazi, ndo maana taasisi ya Zuckerberg na mkewe iliongoza uwekezaji wa dola milioni 24 kwa Andela mwaka 2016, kampuni iliyokuwa inafundisha vijana wa Afrika programu. Hilo halina shida, linaeleweka.

Kwa hiyo mwekezaji akinionyesha programu yake siku hizi simuulizi sana kuhusu programu, namuomba bajeti, natafuta mstari wa mwalimu na wa yule mtu wa kuangalia na kuchaji tableti, kama haupo tunaanzia hapo.