IEP: Haki ya Mtoto Mwenye Ulemavu katika Shule za Marekani

IEP ni mpango wa elimu wa mtoto mmoja mwenye ulemavu. Huandikwa na shule pamoja na mzazi, na hueleza mtoto amefikia wapi, anatarajiwa kufika wapi ndani ya mwaka mmoja, na atapewa huduma gani, mara ngapi kwa wiki. Sheria inaibana shule kuutekeleza, na mzazi halipi kitu. Mzazi aliyefika Marekani kutoka Kongo au kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, anaweza kuudhania hisani ya mwalimu. Sivyo kabisa, ni haki ambayo wazazi walianza kuipigania mahakamani.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule ya umma iliweza kumfungia mtoto mlango. Sheria ya Pennsylvania iliruhusu kumkataa yeyote ambaye akili yake haikufikia ile ya mtoto wa miaka 5. Chama cha wazazi, PARC, kililishtaki jimbo, na mwaka 1971 jimbo likaridhia kuwasomesha watoto hao. Mwaka 1972 ikafuata kesi ya Mills mjini Washington, iliyofunguliwa kwa niaba ya watoto 7. Halmashauri ya elimu ilijitetea kwamba haina fedha. Jaji Joseph Waddy akasema fedha zikipungua, upungufu ugawanywe kwa haki, usiwaelemee watoto wenye ulemavu kuliko wenzao. Shule ikikwambia leo kwamba bajeti haitoshi, jibu lako ni hilohilo.

Tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyoleta IEP na ambayo tangu 1990 inaitwa IDEA. Wakati huo Bunge lilihesabu watoto wenye ulemavu zaidi ya milioni 8, na milioni 1 kati yao hawakuwa shuleni kabisa. Serikali kuu ilijiwekea lengo la kumchangia kila mtoto wa aina hiyo hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja. Haijawahi kufika hapo, na pengo hilo ni sababu mojawapo ya shule nyingi kubana huduma.

Kwa hiyo usiombe kwa mdomo tathmini, yaani mtoto apimwe kama ana ulemavu na anahitaji huduma. Andika barua, weka tarehe, baki na nakala. Wengi hukosea hapa: siku 60 za tathmini (majimbo mengine yana muda wao) huanza kuhesabiwa siku unaposaini kibali cha tathmini, wala si siku ya barua. Kibali kikichelewa kuletwa, kifuatilie. Mtoto apimwe kwa lugha anayoielewa, inapowezekana. Kutojua Kiingereza pekee hakumfanyi kuwa na ulemavu. Akionekana anastahili, kikao cha kuandika IEP kifanyike ndani ya siku 30. Mkalimani hutafutwa na shule. Usikubali mtoto wako mkubwa akalishwe pale atafsiri.

Kikaoni soma malengo kwanza. "Ataboresha usomaji wake" si lengo, kwa sababu hakuna wa kulipima. Lengo ni hili: kufikia Mei atasoma maneno 60 kwa dakika katika kifungu cha darasa la pili, bila kukosea zaidi ya maneno 3, katika majaribio 4 kati ya 5. Huduma nazo ziwe na hesabu: tiba ya usemi dakika 30, mara 2 kwa wiki. Ukiona "inapohitajika", omba ibadilishwe. Tena linganisha na mpango wa mwaka uliopita. Kesi ya Endrew F., mtoto wa Colorado mwenye usonji, ilihusu malengo yaliyokuwa yakirudiwa karibu yaleyale mwaka hadi mwaka, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mpango lazima umwezeshe mtoto kupiga hatua kulingana na hali yake.

Saini ya mahudhurio haimaanishi umekubali. Huduma za mara ya kwanza zinahitaji ridhaa yako ya maandishi. Usiporidhika na tathmini, unaweza kudai ya mtaalamu huru. Shule itailipia au iombe shauri lisikilizwe ili ithibitishe kuwa yake inafaa. Wewe pia unaweza kufungua shauri, kwa kawaida ndani ya miaka 2, na wakati likiendelea mtoto hubaki na huduma alizokuwa akizipata.