Hapana, hawakuanza na mataruma

Nimeulizwa tena: "Mchoro wa Batavia uko wapi?" Haupo, na hakuna dalili kwamba uliwahi kuwapo. Meli hiyo ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyojengwa Amsterdam mwaka 1628, ilitokana na kanuni za uwiano na jicho la fundi. Anayedhani mataruma (mbavu za mbao za ndani ya meli) yalisimamishwa kwanza, kisha yakavishwa mbao, anawapachika mafundi wale kazi isiyo yao.

Mkuku (uti wa chini wa meli) unalazwa, nguzo za omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zinasimamishwa. Ubao wa kwanza unashikishwa kando ya mkuku, wa pili unabanwa ubavuni mwake, na kuendelea hadi sehemu ya chini ikamilike bila taruma hata moja. Mbao zinashikwa na nini? Vibao vifupi vilivyopigiliwa kuvuka mshono, yaani mahali mbao mbili zinapokutana. Mataruma yanafuata, yakichongwa kulingana na umbo lililokwisha kupatikana. Vibao vinang'olewa, na kila tundu la msumari linazibwa kwa kijiti. Mwandishi wa Kiholanzi Nicolaes Witsen alieleza utaratibu huu mwaka 1671.

Vijiti hivyo ndivyo tunavyovitafuta kwenye mabaki, na hapo ndipo watu wanapoharakisha. Kijiti kimoja ubaoni hakithibitishi kitu! Meli za Kiholanzi zilizokwenda Asia zilivikwa nje mbao za msonobari dhidi ya wadudu wa baharini, na misumari ya vazi hilo nayo huacha matundu. Tazama mpangilio: vijiti vya ujenzi hukabiliana pande mbili za mshono. Kisha ondoa taruma (baada ya kupima na kupiga picha, tafadhali) uangalie chini yake. Ukikuta kijiti hapo, msumari uliingia na kutoka kabla taruma halijakaa. Angalia pia kama vipande vya taruma vimeunganishwa vyenyewe kwa vyenyewe. Kama havikuunganishwa, vingesimamaje hewani kusubiri mbao?

Ukikosa vijiti, usikimbilie kusema mataruma yalitangulia. Huenda uso wa ubao umelika.

Kuhusu miti, kwa ufupi: mialoni ya Batavia iliyopimwa pete za ukuaji ilitoka pande za Baltiki, na Lübeck na Lower Saxony huko Ujerumani.

Jicho la fundi lina gharama zake. Vasa, meli ya kivita ya Sweden iliyojengwa Stockholm chini ya fundi Mholanzi Henrik Hybertsson na kuzama 1628, ina ubavu mmoja usiolingana na mwenzake. Ndani yake zilikutwa rula nne: mbili za futi ya Sweden yenye inchi 12, mbili za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Mafundi wa chombo kimoja, inchi tofauti.

Sasa yanayotusumbua. Kinachosalia mara nyingi ni sehemu ya chini iliyozikwa matopeni, kwa hiyo kuhusu mbavu za juu tunakisia zaidi kuliko tunavyokiri. Batavia ina tabaka mbili za mbao za mwaloni. Wengine wanasema ni kwa ajili ya nguvu, wengine kwamba ubao mnene haupindiki kirahisi pasipo taruma la kuegemea. Naegemea hoja ya pili, ila ushahidi haujanifunga.

Na Uholanzi si karakana moja. Cornelis van Yk, akiandika mwaka 1697 kuhusu kusini mwa Uholanzi, kwenye mto Maas uliko mji wa Rotterdam, anaeleza mafundi waliotanguliza mataruma machache ya kuongoza umbo. Kwa hiyo ukikuta mataruma yaliyounganishwa, usiiite meli ya Kiingereza (Waingereza walianza na mataruma) kabla hujauliza kama ni ya Rotterdam.