Je, wajua kwa nini televisheni za inchi 55 na 65 zimejaa madukani, na za inchi 60 ni chache?

Orodha ya ukubwa wa televisheni za leo ina nambari zinazojirudia: inchi 32, 43, 50, 55, 65, 75. Hatua kati ya nambari hizo hazilingani, na bado kampuni zinazoshindana vikali kwa bei, kwa umbo na kwa ubora wa picha zote huzifuata. Inchi 60, ambayo ni nambari rahisi kuikumbuka na iko katikati kabisa ya 55 na 65, huonekana mara chache. Jibu la fumbo hili liko kiwandani, katika hesabu ya kukata kioo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jibu liko sebuleni. Nilidhani kwamba wabunifu hupima umbali kati ya kiti na ukuta, huwahoji wanunuzi, kisha huchagua ukubwa unaofaa familia nyingi. Dhana hiyo inashawishi kwa sababu ndivyo tunavyozoea kufikiri kuhusu bidhaa nyingine: kiatu hufuata mguu, na shati hufuata kifua. Lakini miguu ya watu hutofautiana kidogo kidogo, na ndiyo maana viatu huwa na namba zinazofuatana kwa karibu. Sebule nazo hutofautiana kidogo kidogo, hivyo kama zingekuwa ndizo zinazoamua, tungetarajia televisheni za inchi 57, 60 na 62 ziwe za kawaida kama zile za 55. Tena tungetarajia orodha ya Japani isifanane na ya Kanada, kwa kuwa nyumba za nchi hizo mbili hazifanani. Badala yake, orodha inakaribia kuwa moja dunia nzima.

Wapo pia wanaosema kwamba kampuni zinaigana tu. Kuigana kupo, ila kunaeleza jinsi nambari inavyoenea na hakuelezi ilikozaliwa. Lililo muhimu zaidi ni kwamba kampuni nyingi zenye majina kwenye televisheni hazitengenezi paneli, yaani kile kioo chenyewe kinachoonyesha picha. Huzinunua kwa watengenezaji wachache, miongoni mwao BOE na TCL CSOT za China, AUO na Innolux za Taiwan, na LG Display ya Korea Kusini. Hata Samsung, ambayo tawi lake la paneli liliacha kutengeneza LCD (aina ya skrini inayomulikwa kwa taa ya nyuma) mwaka 2022, hununua paneli za aina hiyo kwa wengine. Mbunifu wa televisheni ana uhuru juu ya ukingo, miguu, sauti na programu. Juu ya ukubwa, huchagua kutoka kwenye orodha aliyopewa.

Orodha hiyo hutokana na kioo mama, yaani kioo kikubwa kinachokatwa ili kutoa paneli kadhaa. Mfikirie fundi cherehani ambaye hadarizi shati mojamoja, bali hudarizi jora zima la kitambaa kwanza, kisha hulikata. Gharama yake kubwa iko kwenye kudarizi, na haipungui hata kama jora litatoa mashati machache. Fundi huyo atapendelea kipimo cha shati kinachojaza kitambaa na kuacha vipande vidogo tu vya kutupa. Kiwanda cha paneli kiko katika hali hiyohiyo. Mamilioni ya transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, hupangwa juu ya kioo kipana na chembamba sana, kikiwa bado kizima, na ukataji huja baadaye. Mashine zote zimejengwa kwa kipimo kimoja cha kioo, na kukibadilisha ni sawa na kujenga kiwanda kingine, jambo linalogharimu mabilioni ya dola.

Kioo cha kizazi (yaani daraja la ukubwa wa kioo mama) kinachoitwa 8.5 kina milimita 2200 kwa 2500. Televisheni ya inchi 55, ambayo hupimwa kutoka pembe hadi pembe, ina eneo la picha la takriban milimita 1218 kwa 685. Mbili hukaa upande mmoja na tatu upande mwingine, jumla sita, na karibu asilimia 90 ya kioo hutumika. Ukijaribu inchi 60, yenye takriban milimita 1328 kwa 747, mbili hazienei tena ubavu kwa ubavu, na unabaki na tatu tu zikilazwa zote kwa mwelekeo mmoja. Inchi tano zimeondoa nusu ya mavuno! Inchi 65 nayo hutoa tatu, kwa hiyo mwenye kiwanda anayekubali tatu ana kila sababu ya kupanda moja kwa moja hadi 65. Hesabu hii ni ya eneo la picha pekee. Kiwandani huongezwa ukingo wa kukatia, na asilimia hubadilika kidogo.

Hapa ndipo ushindani hasa ulipo. Mwaka 2009 Sharp ilifungua kiwanda huko Sakai, Japani, chenye kioo cha milimita 2880 kwa 3130, na kioo hicho kilitoa paneli nane za inchi 60. Sharp ikaipigia debe inchi 60 kwa nguvu, kwa kuwa wapinzani wenye vioo vidogo hawakuweza kuitengeneza kwa faida ileile. Mwishoni mwa mwaka 2017 BOE ilianza uzalishaji Hefei, China, kwa kioo cha milimita 2940 kwa 3370, kinachotoa nane za inchi 65 au sita za inchi 75. Mizani ikaelemea ukubwa huo, na mwaka 2024 kiwanda cha Sakai kiliacha kutengeneza paneli za televisheni.

Masalio nayo hayatupwi ovyo. Ukikata tatu za inchi 65 kwenye kioo cha kizazi cha 8.5, hubaki ukanda wa takriban milimita 760 kwa 2500, na ndani yake huenea sita za inchi 32. Vivyo hivyo, kando ya mbili za inchi 77 huenea mbili za inchi 48, ukubwa ambao LG ilianza kuuuza katika televisheni zake za OLED (aina ya skrini ambayo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe) mwaka 2020.