Tempelhof: kura mbili, kiwanja kimoja

Wanaopigania kiwanja cha ndege cha zamani kisigeuzwe maghorofa hupenda kutaja Tempelhof ya Berlin. Wanasahau kwamba Tempelhof ilipigiwa kura mara mbili, na mara ya kwanza watetezi walishindwa japo walipata kura nyingi.

Mwezi Aprili 2008 swali lilikuwa kama ndege ziendelee kutua pale. Asilimia 60 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Kilichowaangusha ni akidi: sheria ya Berlin inataka kura za ndiyo zifikie robo ya wapiga kura wote walioandikishwa, na zilifika asilimia 21 na ushei tu. Siku hiyo hakukuwa na uchaguzi mwingine wa kuwavuta watu vituoni, kwa hiyo mpinzani hakuhitaji hata kampeni. Kukaa nyumbani kulimtosha. Tena kilichopigiwa kura ni ombi kwa serikali ya jiji, si muswada. Hata lingepita, serikali isingebanwa. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo kiwanja kikafungwa, na Mei 2010 kikafunguliwa kama bustani ya umma.

Kisha jiji likaleta mpango wa kujenga pembezoni mwa uwanja: nyumba zipatazo 4,700, maktaba kuu na majengo ya biashara. Safari hii kundi la wananchi, 100% Tempelhofer Feld, liliandika muswada kamili. Hapo ndipo kazi ya makaratasi inapoanza. Hatua ya kwanza ni saini 20,000. Ya pili ni saini za asilimia 7 ya wapiga kura ndani ya miezi minne, ambazo wakati huo zilikuwa karibu 174,000. Zilizokubaliwa zilikuwa kama 185,000, yaani walivuka kwa kama elfu kumi na moja tu. Saini hufa kwa mambo madogo: jina lisilosomeka, tarehe ya kuzaliwa iliyorukwa, aliyesaini mara mbili, mkazi asiye na haki ya kupiga kura. Binafsi nisingewasilisha fomu bila akiba ya robo juu ya kiwango, na ningezikagua kila wiki badala ya kungoja mwisho.

Kura ikafanyika 25 Mei 2014, siku moja na uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Naona hilo lilisaidia kuliko bango lolote. Asilimia 64 walisema ndiyo, karibu asilimia 30 ya walioandikishwa wote, na akidi ikavukwa. Muswada wa serikali ya jiji wa kuruhusu ujenzi, uliowekwa kwenye karatasi hiyohiyo, ukaanguka.

Ila tuangalie sheria hiyo inalinda nini. Inalinda ardhi: njia mbili za kurukia, zenye urefu wa kama kilomita 2 kila moja, na majani yanayozizunguka ambamo vipozamataza hutaga. Haikurudisha safari ya ndege hata moja. Anayetaka kiwanja kiendelee kuruka lazima apiganie kabla hakijafungwa.

Isitoshe, sheria ya wananchi pale Berlin haina kinga dhidi ya bunge la jiji. Mwaka 2016 wabunge waliirekebisha kwa wingi wa kawaida ili makazi ya muda ya wakimbizi yawekwe pembeni, na mjadala wa nyumba unarudi kila kodi za pango zinapopanda. Kundi lililoshinda 2014 bado linahitaji mtu wa kusoma ratiba za vikao.